Gari la spoti la bei nafuu: liongezewe nguvu au liachwe lilivyo? Ulinganisho kwa dereva wa Arusha na Moshi

Toyota ilipoleta GT86 sokoni mwaka 2012, sambamba na pacha wake Subaru BRZ, sifa na lalamiko vilikuja pamoja. Sifa ilikuwa kwamba gari ni jepesi, limekaa chini, na dereva anaihisi barabara mikononi mwake kupitia usukani. Lalamiko lilikuwa moja tu, nalo halikunyamaza hadi mrithi wake, GR86, alipokuja mwaka 2021: injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200 ni ndogo kwa gari zuri namna ile. Wapo waliosema kwamba kuongeza nguvu ni kuharibu, kwa kuwa utamu wa gari la namna hiyo ni kulitumia lote bila kuhatarisha maisha. Wengine walisema kwamba gari linaloitwa la spoti halafu likapitwa na gari la kawaida la familia lenye turbo linamwaibisha mwenye nalo.

Kwa anayeishi Arusha au Moshi, ubishi huo unakuja na mambo mawili ambayo waliouanzisha, wengi wao wakiwa karibu na usawa wa bahari, hawakulazimika kuyafikiria: kimo cha mji na umbo la barabara zetu. Nimelinganisha magari sita ambayo mtu mwenye bajeti ya kawaida anaweza kuyaagiza Japani au kuyakuta yakiuzwa hapa nchini, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani. Naam, magari haya yaongezewe nguvu, lakini kidogo, na nguvu hiyo iwekwe katikati ya mizunguko ya injini, pale dereva anapoitumia kila siku. Farasi wanaoongezwa juu kabisa, karibu na mstari mwekundu, kwa barabara zetu ni farasi wa kwenye karatasi.

Kimo kinachokula farasi

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, kwenye mita 800 hadi 900 hivi, lakini hata huko hewa imekwisha kuwa nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa nguvu ya pistoni zake tu, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi, oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua, mafuta yanayoweza kuchomwa hupungua, na nguvu hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Kanuni ya mkono ambayo mafundi wa injini huitumia ni kwamba kila mita 300 za kupanda hugharimu takriban asilimia 3 ya nguvu. Kwa Arusha hiyo ni kama asilimia 14, na kwa Moshi ni asilimia 8 au 9.

Maana yake ni kwamba GT86 iliyoondoka bandarini ikiwa na farasi 200 inafika mzunguko wa Mnara wa Saa ikiwa na farasi 172 hivi. Sasa tazama mrithi wake. GR86 ina injini ya cc 2,387 inayotoa farasi 235, na ukiikata asilimia 14 inabaki na farasi 202. Kwa maneno mengine, farasi 35 walioongezwa na watengenezaji mwaka 2021, wale ambao wapenzi wa wepesi waliwaona kuwa wa anasa, kwa dereva wa Arusha wanarudisha tu kile ambacho mlima umechukua. Mtu wa Yokohama akisema kwamba GT86 inatosha, na mtu wa Sakina akisema kwamba haitoshi, huenda wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawaendeshi injini yenye nguvu sawa.

Injini yenye turbo ni habari nyingine. Turbo husukuma hewa ndani ya silinda, na hewa ya nje ikipungua uzito, kompyuta ya gari huiacha turbo izunguke kwa kasi zaidi ili kufidia. Haifidii kila kitu, na joto la hewa iliyosukumwa huongezeka, lakini kwenye kimo kama chetu hasara ni ndogo sana ikilinganishwa na ya injini inayojivutia yenyewe. (Hewa nyepesi ina fadhila yake moja, nayo ni kwamba ukinzani dhidi ya gari hupungua. Fadhila hiyo huonekana kwenye kasi kubwa, yaani mahali ambapo askari wa usalama barabarani pia huonekana.)

Jedwali lifuatalo linaweka takwimu za Japani kando ya makadirio yangu kwa Arusha. Uzito ni wa takriban, kwani hubadilika kidogo kulingana na toleo.

| Gari | Injini (cc) | Farasi, kiwandani | Uzito (kg) | Farasi, Arusha | Kilo kwa kila farasi, Arusha |
|---|---|---|---|---|---|
| Mazda Roadster 1.5 | 1,496 | 131 | 990 | 113 | 8.8 |
| Toyota Altezza AS200 | 1,988 | 160 | 1,340 | 138 | 9.7 |
| Toyota Altezza RS200 | 1,998 | 210 | 1,340 | 181 | 7.4 |
| Toyota GT86 | 1,998 | 200 | 1,230 | 172 | 7.2 |
| Suzuki Swift Sport (ZC33S) | 1,371, turbo | 140 | 970 | karibu 140 | 6.9 |
| Toyota GR86 | 2,387 | 235 | 1,270 | 202 | 6.3 |

Safu ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Pwani, GT86 inaiacha Swift Sport bila ubishi, kwa kuwa kila farasi wake anabeba kilo 6.2 hivi dhidi ya kilo 6.9 za Swift. Ukipanda nazo hadi Arusha, kigari cha Suzuki chenye injini ya cc 1,371 kinaipita. Sijui matangazo mangapi ya magari yameandikwa kwa ajili ya mji ulio mita 1,400 juu ya bahari, nadhani hakuna.

GT86 na GR86: hesabu ya gia

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye karatasi ni zile za kilele, na kwa GT86 kilele hicho kiko kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Ukichukua uwiano wa gia zake na ukubwa wa matairi yake, utakuta kwamba injini ikifika mizunguko 7,000 katika gia ya kwanza, gari tayari linakwenda kilomita 55 kwa saa. Katika maeneo ya makazi sheria yetu inaruhusu 50. Kwa hiyo dereva wa GT86 hawezi kuwakusanya farasi wake wote hata mara moja kati ya Tengeru na Usa River bila kuwa amevunja sheria, na anayeijua barabara ile anajua kwamba tochi hazikosekani. Faini ya shilingi 30,000 si kubwa, lakini ukiilipa mara mbili kwa safari moja ya kwenda Moshi utaanza kuihesabu kama sehemu ya gharama za mafuta.

Kinachotumika kweli kwenye barabara ya Arusha hadi Moshi, ile ya kilomita 80 hivi ambayo sehemu yake kubwa ina njia moja kwenda na moja kurudi, ni nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya kati. Hali ni ileile kila siku: umekaa nyuma ya lori la mafuta au basi dogo lililojaa, unakwenda kilomita 60 au 70, nafasi inafunguka mbele ya Kikatiti au baada ya njia panda ya KIA, nawe unapaswa kulipita lori upesi na kurudi upande wako. Katika gia ya tatu, GT86 inayokwenda kilomita 80 kwa saa inazungusha injini mizunguko 4,300 hivi. Kwa bahati mbaya, injini ile ina bonde linalojulikana sana na waliowahi kuiendesha, kati ya mizunguko 3,500 na 4,500, ambamo nguvu ya kuvuta hupungua kabla ya kupanda tena. Mtengenezaji aliweka shimo mahali palepale ambapo dereva wetu anahitaji ngazi. Unaweza kushuka hadi gia ya pili, nayo inafika kilomita 97 hivi kwa saa kabla ya kugota, lakini hapo utakuwa unapiga kelele ya mashindano ili kupita lori la mahindi.

GR86 ilitengenezewa hapo hasa. Nguvu yake ya kuvuta ilipanda kutoka nyutoni-mita 205 hadi 250, na kubwa kuliko hilo, kilele chake kilishuka kutoka mizunguko zaidi ya 6,000 hadi 3,700. Katika gia ya tatu mizunguko hiyo ni kama kilomita 70 kwa saa, yaani kasi ileile unayokuwa nayo nyuma ya lori. Kwa takwimu za Toyota yenyewe, muda wa kutoka sifuri hadi kilomita 100 ulishuka kutoka sekunde 7.4 hadi 6.3, lakini mimi nisingemshauri mtu anunue gari kwa sababu ya sekunde hizo. Ningemshauri kwa sababu ya sekunde moja anayoiokoa akiwa upande usio wake. Magari mawili yanayokabiliana kwa kilomita 90 kwa saa kila moja yanakaribiana mita 50 kwa kila sekunde, na mita 50 ndizo zinazotenganisha kulipita gari kwa utulivu na kulipita kwa sala.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba GR86 iliharibu wazo la mwanzo. Uzito uliongezeka kwa kilo 40 hivi tu, hakukuwekwa turbo, na injini haikugeuzwa kuwa ya kutisha. Aliyesimamia uhandisi wa GT86, Tetsuya Tada, alikusudia tangu mwanzo gari lisilo na turbo, lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na lenye matairi ya kawaida, ili dereva alihisi likiteleza kwenye kasi ndogo. Kuongeza cc 389 hakukuvunja sharti hata moja kati ya hayo.

Anayeegemea GT86 kwa sababu ya bei azingatie jambo moja. Mengi ya yale yaliyotengenezwa mwaka 2012 na 2013, pamoja na mapacha yake ya BRZ, yaliitwa na watengenezaji mwaka 2018 ili yabadilishiwe springi za vali. Mwombe muuzaji uthibitisho kwamba kazi hiyo ilifanyika. Tena silinda za injini ile zimelazwa kushoto na kulia, kwa hiyo kubadilisha plagi ni kazi ya mikono myembamba na uvumilivu. Mtafute fundi aliyezoea Subaru, nao kwa bahati nzuri ya mji huu hawakosekani.

Altezza mbili, cc karibu zilezile

Altezza inastahili kuwekwa hapa kwa sababu ndiyo gari la spoti ambalo vijana wengi wa Arusha na Moshi wamelipanda kabla ya jingine lolote, na kwa sababu ndani ya jina moja Toyota iliweka majibu mawili ya swali letu. AS200 ina silinda sita, injini ya 1G-FE, farasi 160 na nyutoni-mita 200 kwenye mizunguko 4,400. RS200 ina silinda nne, injini ya 3S-GE, na ile ya gia za mkono inafika farasi 210. Tofauti ya farasi 50 kwa nyongeza ya cc 10 tu ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini farasi hao walipatikana kwa kupandisha mizunguko, kwani kilele chao kiko 7,600, na nguvu ya kuvuta imezidi kwa nyutoni-mita 16 tu, nazo huzipati mpaka uwe umefika mizunguko 6,400.

Nilipolipeleka gari la rafiki yangu, RS200, kwa fundi mmoja wa Unga Limited nikilalamika kwamba mjini linaonekana zito kuliko linavyosifiwa, alicheka akafuta mikono. "Kaka, hii injini inataka uipigie kelele ndiyo ikusikie," aliniambia. "Ukienda nayo taratibu kama Mark II, Mark II itakuacha." Alikuwa akizungumzia Mark II GX110 iliyokuwa imepakiwa pembeni, nayo ina injini ya 1G-FE kama ya AS200. Hoja yake ya pili ilikuwa ya vipuri, na kwangu ilikuwa na uzito zaidi: injini ya AS200 imetapakaa nchini ndani ya Mark II na Crown, kiasi kwamba kifaa kinachokosekana duka moja utakikuta duka la pili, ilhali baadhi ya vifaa vya RS200 ni vya kuagiza na kusubiri.

Kwa jedwali la farasi, RS200 inashinda. Kwa maisha ya Jumatatu hadi Ijumaa kati ya Njiro na Kilombero, ningechukua AS200 na kutumia tofauti ya bei kubadilisha shokapu, bushi na breki. Huu ndio mfano wangu wa nguvu iliyoongezwa mahali pasipostahili.

Swift Sport na njia ya turbo

Swift Sport ya ZC33S, iliyotoka mwaka 2017, haionekani kama gari la spoti, na kwa wengi hilo ndilo kosa lake pekee. Injini yake ina turbo, na nyutoni-mita 230 zinapatikana kuanzia mizunguko 2,500. Ni nyingi kuliko za GT86, katika gari lenye uzito wa kilo 970, nazo hazipungui sana ukipanda Arusha. Nyuma ya lori huhitaji hata kushusha gia. Ina viti vya nyuma vya kukalika, milango mitano, na mahali pa kuweka mkungu wa ndizi.

Upungufu upo. Uendeshaji uko magurudumu ya mbele, na mwenye kutaka kuhisi gari likisukumwa kutoka nyuma hatalipata hilo hapa kwa bei yoyote. Turbo nayo haitaki mzaha katika oili. Mtu anayezidisha kilomita kabla ya kumwaga oili, au anayenunua oili kwa kutazama bei ya kopo, ataisikia turbo ikilalamika mapema. Injini ya GT86 huvumilia uzembe kidogo zaidi, ingawa si kwa muda mrefu.

Roadster na hoja ya kuacha kama ilivyo

Mazda Roadster ya lita 1.5, ya kizazi kilichoanza mwaka 2015, ndiyo shahidi mkuu wa upande unaosema nguvu zisiongezwe. Ina farasi 131 na uzito wa kilo 990. Wabunifu wake wanajua kwamba injini kubwa haiji peke yake: inadai rejeta kubwa, breki kubwa, gia nzito na matairi mapana, na kila kimoja kinaongeza kilo na shilingi hadi gari jepesi linageuka gari la kawaida lenye paa la kukunja. Hoja hiyo ni ya kweli. Nami nakiri kwamba kwenye barabara ya kupanda Marangu, yenye kona baada ya kona, dereva wa Roadster anaweza kuwa na furaha kuliko wote niliowataja, akiwa ndani ya kasi ambayo bibi anayevuka na kuni zake hatashtuka.

Lakini Arusha farasi wake wanabaki 113, na kwenye mpando mrefu ukiwa na abiria utaomba gia ya pili mara nyingi. Ipo Roadster RF ya lita 2.0, ambayo tangu mwaka 2018 ina farasi 184. Mazda ilipunguza uzito wa pistoni na mikono yake ili injini ifike mizunguko 7,500, na safari hii nguvu ya kuvuta haikupelekwa juu, kwani nyutoni-mita 205 zinapatikana kwenye mizunguko 4,000. Hiyo ningeitaka kuliko ile ya 1.5, ikiwa fedha zipo.

Viti ni viwili. Kwa Mchaga anayekwenda nyumbani Desemba na mke, watoto na ahadi za kubeba mizigo ya shangazi, mjadala wa Roadster unafungwa hapo.

Ushuru: umri unauma kuliko cc

Watu wengi huogopa injini kubwa kwa sababu ya ushuru, na hofu hiyo imekuzwa. Gari linaloingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini haijapita cc 2,000, na asilimia 10 kwa injini iliyopita cc 2,000, kisha huja VAT ya asilimia 18. Zipo na tozo ndogo nyingine. Chukua gari ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10 pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Kuvuka mstari wa cc 2,000, yaani kutoka kundi la GT86 kwenda la GR86, kunaongeza takriban shilingi 737,500, VAT ikiwamo.

Sasa weka umri. Gari lenye miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30. Kwa thamani ileile ya milioni 10, asilimia 30 hiyo pamoja na VAT yake ni zaidi ya shilingi milioni 4.4. GT86 ya mwaka 2013 inayoonekana rahisi kwenye picha za muuzaji wa Japani imebeba mzigo huo, ilhali GR86 haijaufikia. Thamani ya GR86 ni kubwa zaidi, hilo halina ubishi, kwa hiyo jumla yake itabaki juu. Ninachosema ni kwamba pengo kati ya mbili hizi si pana kama bei za mnadani zinavyoonyesha, na kwamba anayetafuta GT86 atafute za miaka ya mwisho. Kabla ya kutuma fedha, pitia kikokotoo cha TRA, maana thamani inayotumika ni yao, si ile iliyoandikwa kwenye risiti yako. Altezza, kwa umri wake, inunuliwe iliyokwisha kusajiliwa nchini.

Yupo pia anayefikiri kuukwepa ushuru kwa kununua gari la injini ndogo na kupandikiza kubwa. Namba ya injini na cc zake zimeandikwa kwenye kadi ya gari, nazo lazima zirekebishwe, na bima inayosoma kadi ya zamani ni bima ya mashaka.

Breki, mvua na matuta

Nguvu inayoongezwa lazima isimamishwe. Gari linalosimama kutoka kilomita 100 kwa saa linazipa breki kazi inayozidi kwa asilimia 56 ile ya kusimama kutoka 80, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kimo kikinyang'anya injini nguvu, breki hakizipunguzii kazi hata kidogo. Ukinunua GR86 iliyotumika, tazama diski na pedi kabla ya kutazama rangi.

Mvua za masika kwenye miteremko ya Machame na Marangu huleta tope jekundu juu ya lami, na gari la kusukumwa nyuma lenye nyutoni-mita 250 kwenye mizunguko 3,700 linaweza kuzungusha mkia pale ambapo GT86 ingetikisika tu. Hapa wapenzi wa nguvu ndogo wana haki kamili. Mfumo wa kudhibiti utelezi husaidia, mradi matairi yawe mazima. Swift, kwa kuvutwa mbele, ndiyo yenye staha zaidi kwenye tope.

Kuhusu matuta nisipoteze muda: yote haya yako chini, sentimita 12 hadi 14 hivi kutoka lami, na yote yatagusa. Kwa mafuta, vipimo vya Japani vinaipa Swift na Roadster ya 1.5 takriban kilomita 17 kwa lita, na GR86 takriban 12. Kwa matumizi ya hapa punguza, na umpunguzie zaidi mwenye mguu mzito.

Lipi lichukuliwe

Kama gari ni la pekee nyumbani, lina watoto wa kubeba, na linakwenda Moshi na kurudi kila wiki, ningechukua Swift Sport ya gia za mkono. Kwa mwenye gari jingine la kazi, anayetaka hili liwe la furaha na ana fedha, GR86 ndiyo jibu la haki kwa mji wa kimo hiki. GT86 ningeichukua nikiwa mkazi wa Moshi kuliko Arusha, tena iwe ya miaka ya mwisho, kwa kuwa chini kule inabaki na farasi 183 hivi na bonde lake linasumbua kidogo pungufu. Altezza AS200 ni ya mwenye bajeti ndogo na fundi mwaminifu. RS200 ni ya mwenye kupenda kelele na aliyekubali gharama yake.

Lolote utakalolichagua, usilijaribu mjini. Omba mlipeleke kwenye mpando, kwa wa Moshi ile barabara ya Marangu inatosha. Ukiwa katika gia ya tatu kwa kilomita 50 kwa saa, watu wawili ndani, kanyaga mafuta bila kubadili gia na uhesabu moyoni hadi mshale ufike 80, kama sheria za kipande hicho na hali ya barabara vinaruhusu. Rudia na gari la pili siku hiyohiyo, abiria walewale. Muuzaji mmoja alinikatalia jaribio hilo kwa maelezo kwamba gari "bado halijazoea mlima". Lilikuwa na kilomita 90,000.